Hambaka Mbili za Fundi wa Majengo

Jumamosi ile mwalimu wa kwaya alisimamisha wimbo katikati, akainua kijiti chake, akauliza, "Dada wa solo, upo?"

Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama hatua tatu kutoka kwake, gitaa begani, vidole vimekufa ganzi kwa baridi ya mwezi wa sita, na nilikuwa nikipiga kila noti kama alivyonifundisha. Kwaya nzima iligeuka kunitazama. Wasichana wa sauti ya kwanza wakaanza kucheka, wanaume wa besi wakafuatia.

"Nauliza kwa sababu sisikii kitu," akasema mwalimu. "Nasikia kinanda, nasikia ngoma, nasikia hata mbwa wa jirani. Wewe sikusikii."

Mpiga ngoma wetu, kijana ambaye wazazi wake walihamishiwa hapa Sumbawanga kutoka Mbeya kwa kazi za serikali, na ambaye sijawahi kumwona akinyamaza kwa dakika mbili mfululizo, akadakia: "Mwalimu, huyo hata akikanyaga mwiba humsikii. Ndivyo alivyoumbwa."

Wakacheka zaidi. Mimi nikatazama nyaya zilizotambaa sakafuni. Nilitaka kusema kwamba gitaa limeharibika, kwamba si mimi, lakini nikaishia kusogeza waya mmoja kwa ncha ya kiatu, kama kawaida yangu. Mwalimu akatoa hukumu. Sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wetu, ilikuwa imebaki wiki mbili. Jumamosi, siku moja kabla ya sikukuu, tungefanya zoezi la mwisho. Kama siku hiyo solo haisikiki, sehemu yangu itapigwa na kinanda, na mimi nitarudi kuimba sauti ya pili.

Jioni hiyo, jikoni, nikiwa nimekalia kigoda karibu na jiko la mkaa, niliandika kwenye daftari langu sentensi moja: Sirudi sauti ya pili.

Niseme ukweli, maana daftari hili halisomwi na mtu. Sauti ya pili haina ubaya wowote. Ubaya ni wangu. Nilisimama pale miaka miwili nikichezesha midomo bila kutoa sauti, na hakuna aliyegundua. Ningeweza kusimama hivyo mpaka nizeeke. Gitaa ndilo lililonitoa. Nikilishika nasema, tena nasema mbele za watu, na siogopi. Kulitoa mikononi mwangu ni kunirudisha kule kwenye midomo isiyo na sauti.

Gitaa lenyewe ni la mjomba, kaka yake mama. Alikuwa akipiga kwenye bendi huko Chala kabla hajanunua mashine ya kusaga na kuuacha muziki. Nilipoingia kidato cha kwanza alikuja nalo kwenye basi, limefungwa kwenye shuka, akaniambia, "Mjomba, gitaa halikai ukutani. Likikaa ukutani linasahau." Sasa niko kidato cha tatu na halijakaa ukutani hata wiki moja.

Lina pikapu mbili, yaani vile vidude vya sumaku vilivyolala chini ya nyuzi, vinavyonasa mtikisiko wake na kuupeleka kwenye amplifaya. Moja iko karibu na shingo ya gitaa. Nyingine iko karibu na daraja, kile chuma ambacho nyuzi zimekanyaga upande wa mkono wa kulia. Ya shingoni ina sauti nene na laini, nzuri kwa kusindikiza. Ukiitumia kupiga solo mbele ya waimbaji arobaini ni kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi. Ya darajani ndiyo yenye makali. Na ya darajani ndiyo iliyokufa, ghafla, siku chache kabla ya Jumamosi ile. Nilijua imekufa na sikumwambia mtu. Hilo nalo niliandike.

*

Kibanda cha fundi redio kiko Majengo, ubavuni mwa duka la vitenge. Jumatatu nilipita mbele yake mara tatu na gitaa mgongoni. Mara ya nne akaniita mwenyewe.

"Binti, unapima barabara au unatafuta fundi?"

"Shikamoo."

"Marahaba. Leta hilo gitaa kabla halijakuvunja mgongo."

Ni mzee wa makamo, mtu wa Mbeya, anavaa koti zito hata saa sita mchana, na miwani yake imefungwa na waya wa shaba sikioni. Alilifungua gitaa bila kuniuliza maswali mengi, na nilishukuru. Akatoa mita yake ya mshale, akagusisha ncha zake mbili kwenye nyaya za pikapu ya darajani. Mshale haukutikisika hata kidogo.

"Hii imeshaondoka," akasema. "Waya wa ndani umekatika, na ni mwembamba kuliko unywele wako. Kuusuka upya siwezi, sitakudanganya. Tuweke nyingine."

Akainama chini ya meza, akaibuka na bati la biskuti. Ndani yake, kati ya vitufe vya redio na spika za simu, kulikuwa na pikapu mbili alizozitoa kwenye magitaa yaliyovunjika. Zote mbili zilikuwa za aina ambayo wapigaji huiita hambaka: koili mbili zimelala ubavu kwa ubavu, na ule mvumo wa umeme unaoingia kwenye moja unafutwa na mwenzake. Ya kwanza ilikuwa nyeusi, iko wazi, na sumaku yake nene kama kipande cha tofali. Ya pili ilikuwa imefunikwa na kifuniko cha bati kilichochujuka kama kijiko cha zamani. Bei zilikuwa sawa, na mama alikuwa ameniruhusu kuuza maharage ya matuta yangu niliyoyalima mwenyewe. Yalitosha moja, si mbili.

"Ipi nzuri?" nikauliza, kwa sauti ambayo ilibidi aniombe niirudie.

Akazipima. Mshale ulionyesha ya bati ni ohm elfu nane, na nyeusi ohm elfu kumi na nne.

"Mimi ni fundi wa redio, mwanangu. Gitaa nalifungua, silipigi. Ninachoweza kukuambia, nyeusi ina nguvu, ya bati ina adabu. Chagua."

Niliomba anipe mpaka kesho. Jioni yake yule mpiga ngoma alipita nyumbani kwetu Malangali kuazima kitabu cha kemia, akakuta nimeandika kwenye karatasi 14 na 8, akauliza ni nini. Nilipomweleza alicheka.

"Sasa hapo unafikiria nini, sista? Kumi na nne na nane! Mtihani ukipata nane unafurahi? Chukua nyeusi, mshikaji, uwapasue."

Akanifungulia kwenye simu yake video za watu wa mbali wenye nywele ndefu, wakipiga magitaa ambayo sauti yake ilikuwa kama chuma kinachokatwa. Alinipa spika za masikioni. Nilisikiliza mpaka mama akaita chakula. Sauti ile ilinijaa. Nikajiona nimesimama pale mbele, mwalimu anauliza tena kama nipo, na mimi namjibu kwa sauti ile.

Nina alama nzuri za fizikia. Nilijua kabisa kwamba ohm si nguvu, ni ukinzani. Na bado nilichagua kama mtu anayechagua betri dukani: yenye namba kubwa.

Siku ya pili fundi aliifunga nyeusi, akaijaribu kwenye kijispika cha redio pale mezani. Ilitoka tamu, nene, imejaa. Hata mwenye duka la vitenge alichungulia. Kabla hajarudisha skrubu za mwisho fundi aliniwekea sharti.

"Angalia hapa. Waya nimeuacha mrefu, nimeukunja humu ndani. Usiukate. Ukirudi nao mzima kabla ya sikukuu yenu, tunabadilishana. Ukiukata, mmeshafunga ndoa."

*

Jumamosi ya pili nilifika kanisani wa kwanza. Nilichomeka waya, nikafungua volyumu ya gitaa yote, na wimbo wa kuingia ulipofika kwenye sehemu yangu nikapiga.

Sijui nieleze vipi. Amplifaya ya kanisani ilinunuliwa kwa ajili ya mahubiri, na spika zake ni honi mbili zilizotundikwa ukutani, zile za kutangazia. Noti yangu ya kwanza ilitoka kama bati la paa linaloburutwa kwenye lami. Ya pili haikuwahi kutoka, maana ya kwanza ilikuwa bado inalia, inazunguka kutoka kwenye honi kuingia kwenye gitaa na kurudi kwenye honi, ikipanda, ikipanda, mpaka mtoto wa mmoja wa akina mama alianza kupiga mayowe naye.

"Zima!" mwalimu alipaza sauti, amejiziba masikio. "Jumamosi iliyopita sikukusikia. Leo sisikii kitu kingine!"

Nikapunguza volyumu. Mlio ukaisha, lakini kilichobaki kilikuwa donge. Noti zote zilishikana kama ugali uliomwagikiwa na mboga, huwezi kutenga hiki na kile. Mwalimu alisikiliza ubeti mmoja, akatikisa kichwa. Hakuwa amekasirika, na hiyo iliniuma zaidi. Akamgeukia kaka wa kinanda, akamwambia ajiandae kwa lolote. Yule kaka akafungua daftari lake, akaanza kuinakili sehemu yangu. Niliona anaandika kwa wino.

Nilirudi nyumbani kwa miguu. Nililia kidogo nyuma ya kibanda chetu cha mkaa, kisha nikachoka kulia, nikaingia ndani kuchambua mchele.

*

Ilikuwa likizo, kwa hiyo Jumatatu tulikwenda shamba kuvuna ulezi. Huko nyuma ya mji nchi imelala wazi. Hakuna miti ya kuzuia macho, wala ya kuzuia upepo, na upepo wa mwezi wa sita ukianza asubuhi hauna habari ya kupumzika. Tulikuwa tunakata masuke kwa visu vidogo, mama na mimi upande mmoja, bibi peke yake ng'ambo ya bonde, ambako kulikuwa na kapu kubwa. Kapu letu lilipojaa mama aliniambia nimwite bibi alete lile.

Nikajaza kifua, nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote. Mtu mwenye aibu akiwa shambani aibu inampungua. Bibi akainuka, akaweka kiganja sikioni, akatikisa kichwa. Nikapiga kelele zaidi, mpaka koo likawasha. Bibi akatupungia mkono kwa furaha, akainama kuendelea na kazi yake.

"Unapiga kelele kama unafukuza ngedere," mama akasema. "Kelele yote inaliwa na upepo. Tenganisha maneno."

Akaegemeza kisu begani, akaita kwa Kifipa. Hakuita kwa nguvu. Sauti yake haikuwa kubwa kuliko ya mtu anayeongea na jirani wa ng'ambo ya njia. Ila aliiweka juu kidogo, nyembamba, na kila silabi aliiacha isimame peke yake kabla ya kutoa nyingine. Bibi aliinuka, akatafuta kwa macho, akabeba kapu, akaanza kuja.

Mama akarudi kwenye ulezi wake. Yeye alikuwa ameita kapu tu. Mimi nilibaki nimesimama na kisu mkononi, nikimwangalia bibi anavyoshuka bondeni, mpaka mama akauliza kama nimeota mizizi.

Jioni hiyo niliandika kwenye daftari watu watatu ambao ilibidi niongee nao. Kuandika majina ya kazi zao tu kulitosha kunitia joto masikioni: fundi, mpiga ngoma, mwalimu. Nikaandika chini yake, kesho, si keshokutwa.

*

Nilianza na fundi.

"Nataka kuzijaribu zote mbili," nikasema. "Kanisani. Kwenye spika zile zile."

"Nifunge kibanda?"

"Ndiyo."

Alinitazama juu ya miwani. Nilitaka kuongeza samahani, nikaimeza. "Saa moja tu," nikasema.

"Mimi si wa kanisa lenu," akasema fundi, akakuna shavu. "Lakini umeme wetu ni mmoja. Alhamisi saa nane."

Mpiga ngoma alikuwa kazi zaidi, kwa sababu alinihitaji nimfundishe. Mimi nilitaka kusikiliza kutoka mbali, na mtu hawezi kupiga gitaa na wakati huo huo akakaa mbali nalo. Ilibidi mwingine apige. Siku mbili nilimfundisha mstari mmoja tu, ile solo yangu ya wimbo wa kuingia, noti tisa, uani kwetu. Alilipiga gitaa kama anapiga ngoma.

"Polepole! Utakata nyuzi."

"Sista, wewe kumbe una sauti," akasema. "Ulikuwa umeificha wapi hii ya kugombeza?"

Mwalimu nilimwachia mwisho. Nilimwandikia barua, ukurasa mzima, nikaomba funguo za kanisa na ruhusa ya amplifaya. Nikampelekea shuleni anakofundisha masomo ya likizo, nikamwamkia, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Aliikunjua, akaiweka mbali na macho, akaileta karibu, akanirudishia.

"Miwani nimeiacha nyumbani. Sema."

Miwani ilikuwa mfukoni mwa shati lake. Niliiona, na alijua nimeiona. Nikasema. Nilisema kwa vipande, lakini nilisema yote, mpaka mwisho. Akakubali, kwa sharti kwamba atakuja mwenyewe na madaftari yake ya kusahihisha.

*

Alhamisi kanisa lilikuwa tupu na baridi kama kisima. Mwalimu alikaa mbele kabisa, pembeni ya kinanda, na rundo la madaftari. Tulililaza gitaa juu ya benchi. Fundi alitaka kuiacha nyeusi ilipo na kuishika ya bati kwa mkono, juu ya nyuzi, lakini nikamwomba aitoe nyeusi pia. Zote zishikwe kwa mkono, urefu ule ule, mahali pale pale karibu na daraja. Kipimo kiwe kimoja. Alinung'unika kidogo, akalegeza nyuzi, akaitoa, nami nikazikaza upya. Kisha akaunga nyaya kwa vibanio vyake viwili, akaishika nyeusi kwa vidole, imetazama chini kama popo.

Mimi nikatembea mpaka benchi la mwisho. Ndipo wanapokaa bibi zetu, na watu wa vijijini wanaofika misa imeshaanza.

"Piga," nikasema. Nikarudia kwa nguvu: "Piga!"

Nyeusi ilijaza kanisa. Mpiga ngoma aliruka kwa raha. Lakini pale nilipokaa ulikuwa ukuta tu, ukuta mkubwa wa sauti, na sikuweza kusema noti ya nne inaishia wapi na ya tano inaanzia wapi. Nikamwambia apige taratibu, kisha apige kwa nguvu. Zilitoka sawasawa.

"Sasa ya bati."

Ilikuwa ndogo. Ilikuwa nyembamba, kama mtu aliyesimama peke yake uwanjani. Nikakaribia kusema basi, tufunge tu nyeusi, nitapunguza volyumu. Kisha nikajikuta nahesabu kwa vidole bila kukusudia. Moja, mbili, tatu, mpaka tisa. Zote zilikuwepo. Alipopiga taratibu zilikuja taratibu, alipopiga kwa nguvu zilikuja na hasira yake.

Lakini solo haipigwi peke yake kanisani. Nikashika benchi la mbele yangu kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu, naomba upige kinanda. Huku mpiga ngoma anapiga gitaa."

Mwalimu aliinua kichwa kutoka kwenye madaftari. Akaguna, akafunika kalamu, akahamia kwenye kinanda. Wakapiga pamoja. Nyeusi na kinanda vilimezana mara moja, ikawa sauti moja nene isiyo na uso. Ya bati ilipita katikati ya kinanda kama sindano inavyopita kwenye kitenge. Niliwaomba warudie mara nne. Mara ya nne nilifumba macho.

"Nyeusi, sista!" mpiga ngoma alipiga kelele kutoka mbele. "Naisikia mpaka kifuani, haki ya nani!"

"Nami naona hivyo," akasema mwalimu. "Hii ya bati ni ndogo mno. Hapa mbele nyeusi ina nguvu zaidi."

"Mwalimu," nikasema, "hapo mbele hakuna anayekaa."

Sijui ilitoka wapi. Sauti yangu ilikwenda mpaka altareni, ikarudi, na kila silabi niliisikia. Fundi alijifanya anatafuta skrubu. Mpiga ngoma akapiga mluzi, akakumbuka yuko kanisani, akajiziba mdomo.

Mwalimu akafunika kinanda. "Wewe ndiye mpigaji," akasema. "Jumamosi utajibu mwenyewe."

"Nitajibu. Nataka ya bati."

*

Fundi aliifunga pale pale, juu ya benchi, kwa chuma chake cha kulehemu nyaya. Waya wa nyeusi ulikuwa mzima, kwa hiyo tulibadilishana bila maneno. Alichoniomba ni kitu kimoja: nimwandikie kwenye kipande cha karatasi, abandike kwenye ile nyeusi, ili mpigaji mwingine akija asihangaike. Nikaandika: Ina nguvu. Kwa spika kubwa za bendi. Si kwa honi. Ile ya zamani iliyokufa niliifunga kwenye kitambaa, nikaiweka kwenye mfuko wa gitaa. Ni ya mjomba, si yangu kuitupa.

Kazi haikuishia hapo. Ijumaa nzima nilikaa na bisibisi uani. Pikapu ina skrubu mbili za kuiinua na kuishusha. Ukiiweka chini sana, sauti inasinzia. Ukiipandisha sana, sumaku inazivuta nyuzi na noti zinayumba kama mlevi. Nilikuwa nazungusha robo, napiga, nasikiliza, narudisha kidogo. Mwisho niliiacha na nafasi inayoingia sarafu mbili zilizobebana. Kitufe cha toni nilikipunguza kiasi cha nukta moja, kwa ajili ya ukali wa zile honi. Kidole cha shahada kilikuwa kimeota malengelenge, nikakifunga plasta. Kisha nikapiga mstari ule wa noti tisa mara ambazo sikuzihesabu, mpaka bibi aliyekuwa akianika ulezi akaanza kuuimba bila kujua.

Jumamosi mwalimu hakusimama mbele. Alimpa kijiti mmoja wa sauti ya nne, akatembea katikati ya kanisa, taratibu, viatu vyake vikisikika, akaenda kukaa benchi la mwisho. Akatugeuzia mgongo.

Kaka wa kinanda alikuwa amefungua daftari lake kwenye ukurasa wa wino. Nilikaza plasta ya kidole changu. Mpiga ngoma aliniegemea kidogo, akasema kwa kunong'ona, jambo ambalo sikujua analiweza, "Wapigie bibi zako."

Wimbo ukaanza. Sauti ya kwanza, ya pili, besi, ngoma, kinanda, na kibwagizo kikapita mara ya pili, na nafasi yangu ikafika. Nikapiga. Sikutazama nyaya za sakafuni. Nilitazama mgongo wa mwalimu, koti lake la kahawia, na nikatuma noti moja moja kwenye lile koti. Nilipofika ya tano niliogopa, nikaikimbilia. Zilizobaki niliziweka mahali pake.

Wimbo uliisha. Mwalimu akainuka, akaja mpaka katikati ya kanisa, akasimama.

"Kinanda," akasema, "funga daftari. Wewe unasindikiza tu."

Nilisikia daftari linafungwa.

"Na wewe, dada wa solo." Kwaya ikageuka tena kunitazama, wote arobaini. "Noti ya tano umeiwahi."

Kuna aliyecheka. Mimi nilibaki nimeshikilia shingo ya gitaa. Kutoka benchi la mwisho, akiwa ametugeuzia mgongo, chini ya ngoma na kinanda na watu arobaini, alikuwa ameisikia noti moja kati ya tisa, na alijua nimeiwahi.

"Ndiyo, mwalimu," nikasema, na hakuna aliyeniomba nirudie. "Nimeiwahi."

Akageuka, akarudi kwenye benchi lake. Tukaanza upya kutoka mwanzo, na noti ya tano niliingoja.